Nyongeza

Nilikukuta kwenye karatasi ya njugu
Jumapili moja, Kibuye imefurika
hadi ukingoni mwa barabara ya Kakamega.
Kijana wa Akeyo alinifungia za shilingi kumi
kwa ukurasa uliochanwa kitabu cha historia.
Nikazila zote. Nikabaki nawe:
mtu mweusi wa masizi, pua ndefu imening'inia,
mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso,
na nyuma, Mungu apishe mbali,
mkia wa nge.

Chini yako wameandika: Ek Chuaj,
mungu wa wachuuzi wa Wamaya.
Nililisoma kwa sauti.
Risper wa nyanya akadhani nilitaka kusema "chuja"
nikakatizwa na chafya.
Haidhuru. Kuchuja ndiyo kazi yangu:
mawe huku, rosekoko huku,
vumbi la Busia kifuani.

Niliendelea kusoma pale mafuta ya njugu hayakufika.
Kwenu punje za kakao zilikuwa pesa,
na walikuwako wajanja waliotoa kiini,
wakajaza udongo ndani ya ganda,
wakaziba, wakaenda kulipia.
Nikacheka peke yangu hadi mteja akaondoka.
Kumbe tunajuana!

Gorogoro ninayopimia aliniachia mama,
Dorka Nekesa, aliyeanzia biashara kwenye gunia moja.
Kitako chake kimebonyezwa kuelekea ndani
kwa nyundo, usiku mmoja wa mwaka wa njaa.
Nilishika taa.
Tangu hapo kila pimo linameza kiganja cha mteja,
na viganja hivyo vikawa sare yangu ya shule,
vikawa daftari, vikawa bati la nyumba ya Bungoma,
vikawa, kwa kifupi, mimi.
Kila nikinunua nyundo nyingine
huishia kugongea misumari.

Eti jioni, popote msafiri wenu alipofika,
aliteua mawe matatu madogo,
akaweka juu yake punje tatu za ubani,
akakuomba umrudishe kwake salama.
Mafiga matatu!
Miaka yote hii nimeinjika uji juu ya hayo
sikujua kwamba naomba.

Jumatatu nikayapanga chini ya meza.
Ubani ni ghali; nikakuwekea maharagwe,
moja moja, yale yasiyo na tundu.
Askari wa kaunti akainama na kitabu chake cha risiti:
"Hii nini?"
"Sampuli," nikasema.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Jua likiwa linazama nyuma ya maghala
akaja mtu wa makaa,
mweusi toka nywele mpaka kucha,
gunia tupu begani, pua yake, naapa, ndefu.
Akataka gorogoro moja. Nikaijaza, nikaipitishia mkono juu
kama nilivyofundishwa.
Hakufungua mfuko.
Aliichukua, akaimwaga rosekoko yote mezani,
akatia vidole ndani, akapapasa kitako
taratibu, kama daktari tumboni mwa mtoto.
Risper aliacha kupanga nyanya.

"Na nyongeza?"

Nikampa kiganja.
Mfuko ukabaki wazi.
Nikampa kingine, na kingine,
nikaanza kuhesabu bila kutaka:
hiki cha daftari, hiki cha sare,
hiki cha bati,
na mfuko uko wazi, na yeye anatazama pembeni
kama mtu anayesubiri mvua ikatike.
Mahali fulani kwenye hesabu nilipotea.
Alilipa ya gorogoro moja, sarafu moto za makaa,
akaenda zake upande wa Kondele.

Hakusema asante. Wateja hawasemi.
Miungu sijui.

Gorogoro ingali na tumbo lake ndani.
Sikuinyoosha usiku ule; nilichoka mikono.
Lakini kulipokucha nilichungulia chini ya meza:
mawe matatu, maharagwe mawili.
Panya wa Kibuye, pengine.
Au ushuru.